Mama akicheka wodini, asilaumiwe

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake.

Maswali mengi yanayofika kwenye kamati ya msikiti yana njia yake iliyozoeleka. La mirathi huletwa kwa maandishi, la ndoa huletwa na wazee wa pande mbili, la deni huja na mashahidi wake. Lakini yapo maswali ambayo mwenyewe huona haya kuyaleta, akayapitisha kwa mtu wa tatu. Miongoni mwa hayo ni lile lililotufikia mwaka jana kupitia kwa mwalimu wa darsa ya akina mama.

Mama mmoja wa mtaani kwetu alikuwa hospitalini na mwanawe mchanga, aliyefanyiwa upasuaji siku ya pili baada ya kuzaliwa. Mchana mmoja mama huyo alicheka. Akacheka sana mpaka machozi yakamtoka. Jamaa mmoja wa kike, mtu mzima, aliyekuja kuwajulia hali, akamwambia: "Mwenzetu unacheka? Na mtoto yuko kwenye mipira?" Usiku ule ule mtoto akapandwa na homa. Mama akayaunganisha mambo mawili hayo moyoni mwake. Tangu hapo hakucheka tena, wala hakutaka mtu amchekeshe, na swali lake likawa moja: je, Mwenyezi Mungu amemwadhibu mtoto kwa kicheko cha mama yake?

Tulimjibu wakati ule kwa ulimi. Leo, kwa idhini yake na ya mumewe, na bila kutaja majina, tunalijibu kwa kalamu, kwa kuwa tumekuja kutambua kwamba hayuko peke yake. Wapo wazazi wengi waliokaa kando ya vitanda vya watoto wao, wakakijia kicheko au kikawajia chenyewe, kisha wakajiona wamefanya dhambi.

Ugonjwa wenyewe

Mtoto huyo alizaliwa njia ya haja kubwa ikiwa imeziba. Hali hii humpata takriban mtoto 1 kati ya 5,000 wanaozaliwa. Si laana, si uchawi, wala si adhabu ya kitu alichokila mama; ni jambo linalotokea katika wiki za mwanzo za kuumbwa kwa mtoto tumboni. Tiba yake mara nyingi huwa ya awamu tatu. Kwanza, madaktari huufungulia utumbo mpana tundu kwenye ukuta wa tumbo, ili haja ipite hapo kwa muda. Upasuaji huo huitwa kolostomi. Baada ya miezi kadhaa hutengenezwa njia yenyewe, kwa namna ya upasuaji iliyoanza mwaka 1980 nchini Meksiko kwa mkono wa daktari Alberto Peña, na ambayo sasa hufanywa katika nchi nyingi duniani. Mwisho, njia mpya ikishapona, tundu la tumboni hufungwa.

Baada ya upasuaji wa kwanza huja kungoja. Mtoto aliyepasuliwa tumbo hanyonyeshwi papo hapo. Huwekewa mpira mwembamba puani unaofika tumboni, hupewa maji kwa njia ya mshipa, na madaktari husubiri dalili kwamba utumbo umeamka: upepo utoke, na haja itoke. Mama naye hukamua maziwa yake yasikauke, huku mtoto analia njaa mbele yake. Basi familia nzima, kuanzia bibi mpaka binamu, hukaa ikingoja kwa dua na kwa unyenyekevu kitu ambacho katika siku za kawaida hakuna anayekitaja mbele za watu.

Hapo ndipo kicheko kilipopata mlango.

"Mgeni amefika?"

Babu wa mtoto, baba mzazi wa mume, ni mtu wa safu ya kwanza msikitini na mwenye haya nyingi. Hata neno choo halitamki. Husema "kule nje". Kila baada ya swala alikuwa akipiga simu hospitalini, na anayepokea ni mkwewe. Mila zetu zinajulikana: baba mkwe na mke wa mwanawe hawazungumzi mambo ya namna hiyo. Lakini mzee alitaka kujua, na kujua ilikuwa lazima, kwani mjukuu hangepewa hata tone la maziwa kabla ya habari hiyo. Akatafuta tafsida. Akawa anauliza: "Vipi, mgeni amefika?" Na mkwewe akawa anajibu kwa adabu: "Bado, baba. Tunamngoja."

Jirani yao alisikia mazungumzo hayo uani mara mbili, mara tatu. Siku iliyofuata akaleta sinia la pilau, akisema haifai mgeni atoke safarini akute nyumba haina kitu. Mzee, kwa haya yake, akashindwa kueleza. Pilau ikaliwa na mgeni akaombewa safari njema.

Siku ya tatu baada ya upasuaji, baba wa mtoto akaandika katika kundi la simu la kamati yetu: "Alhamdulillah, mgeni amefika." Mtunza hazina wetu, ambaye hakuwa ameelezwa lolote, akajibu kwa ukarimu anaojulikana nao: "Karibu sana mgeni wetu. Asiachwe nje. Leo atalala kwa nani?" Baba wa mtoto akaandika neno moja: "Nepi."

Mama aliposomewa majibu hayo wodini ndipo alipocheka. Hicho ndicho kicheko alicholaumiwa nacho. Ndani yake mlikuwa na siku tatu za kukesha, hofu ya kumpoteza mtoto, aibu ya kuzungumza na baba mkwe, na shukurani kwamba mwanawe sasa atanyonya. Mwenye kukisikia kwa nje alisikia mzaha. Lau angeuliza, angesikia alhamdulillah.

Akika bila mbuzi

Wala hakikuwa kicheko cha kwanza cha familia hiyo. Wauguzi walipokosa mshipa mkononi mwa mtoto, waliutafuta kichwani, wakamnyoa upande mmoja ili sindano ikae. Bibi alipomwona mjukuu wake na upara wa upande, akasema: "Kumbe wauguzi wameshaanza akika, tena bila mbuzi." Babu naye akaongeza kwamba mjukuu wake ameanza maisha kwa mtindo uliokatazwa, maana Mtume (S.A.W.) amekataza kunyoa sehemu ya kichwa na kuacha nyingine. Alijua vyema kwamba tiba ina hukumu yake na kwamba katazo hilo halimgusi mgonjwa. Lakini kwetu babu na mjukuu ni watani tangu asili, na mzee aliona hana sababu ya kusubiri mjukuu apone ndipo adai haki yake ya utani.

Kisha lilikuwapo tundu lenyewe. Mama alikuwa akiliogopa. Utumbo unaochungulia nje ya tumbo la mtoto ni mwekundu na una majimaji, na anayeuona mara ya kwanza hudhani ni kidonda kibichi kinachouma. Kumbe sehemu hiyo ya utumbo haihisi maumivu ikiguswa; kinachohitaji ulinzi zaidi ni ngozi iliyo pembeni yake, isichomwe na haja. Wauguzi walimfundisha mama kusafisha kwa maji na kitambaa laini, kukausha, na kupaka mafuta mgando kuzunguka tundu. Yeye alisikiliza, lakini mkono ulikuwa ukitetemeka.

Aliyemtoa hofu ni mama wa kitanda cha jirani. Alilitazama tundu, akasema: "Mbona ni waridi tu hili?" Siku moja wakati wa kusafisha akaziba pua na kuuliza: "Lakini waridi gani lenye harufu hii?" Mama akacheka, na mkono ukatulia. Tangu siku hiyo mtoto akawa anasafishwa waridi lake kila wakati, na aliyesafisha hakuwa muuguzi tena bali mama mwenyewe. Mzaha huo ulifanya kazi ambayo mawaidha ya watu watatu yalishindwa kuifanya.

Jua halipatwi kwa ajili ya mtu

Sasa tulijibu swali. Je, kicheko kilileta homa?

Kwanza, homa ilikuwa na sababu yake. Madaktari walikagua, wakakuta kidonda cha upasuaji kimeingia maambukizi. Wakampa dawa, na baada ya siku mbili ikashuka. Maambukizi hayo yangekuja hata kama wodi nzima ingekuwa inalia.

Pili, na hili ndilo kubwa, dini yetu imeshatufundisha jambo hili kwa mfano ulio mzito kuliko wetu. Mtume (S.A.W.) alifiwa na mwanawe Ibrahim, aliyezaliwa na Bibi Maria, katika mwaka wa 10 Hijria, akiwa bado mtoto wa kunyonya. Siku ile ile jua likapatwa. Watu wakasema jua limepatwa kwa ajili ya kifo cha Ibrahim. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alilikataa hilo waziwazi, akawabainishia kuwa jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, na havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuishi kwake.

Tuitafakari hali hiyo. Ni baba aliyetoka kumzika mwanawe. Watu wanamletea maelezo ambayo kwa mwingine yangekuwa faraja, kwamba hata mbingu zimeomboleza pamoja naye. Naye katika huzuni ile anayakataa, kwa sababu si kweli. Ikiwa jua halikupatwa kwa kifo cha mtoto wa Mtume, vipi tuseme mtoto wa mtu mmoja katika sisi amepata homa kwa sababu mama yake amecheka mchana? Kumwambia mama hivyo ni kumtwika mzigo ambao Mwenyezi Mungu hakumtwika.

Mwenyezi Mungu ndiye anayechekesha

Wapo wanaodhani subira ni uso uliokunjwa. Lakini Qur'ani Tukufu, katika Surat An-Najm aya ya 43, inatufahamisha kwamba Mwenyezi Mungu mwenyewe ndiye anayechekesha na ndiye anayeliza. Vyote viwili vimetajwa pamoja na vyote vinatoka kwake. Katika Surat Hud aya ya 71 tunasoma kwamba mke wa Nabii Ibrahim (A.S.) alicheka, na hapo akabashiriwa kuzaliwa kwa Is-haq. Katika Surat An-Naml aya ya 19, Nabii Sulaiman (A.S.) alitabasamu na kucheka kwa maneno ya chungu, kisha papo hapo akaomba dua ya kushukuru. Kicheko na shukurani vilikaa katika kinywa kimoja.

Na Mtume wetu (S.A.W.) alitania, wala hakusema ila kweli. Anas bin Malik (R.A.) alikuwa na mdogo wake upande wa mama, aliyeitwa Abu Umair, mtoto aliyekuwa akicheza na ndege mdogo aitwaye nughair. Ndege akafa, mtoto akahuzunika. Mtume (S.A.W.) akawa anamwita kwa jina lake na kumuuliza habari za nughair, kwa maneno yenye vina vinavyooana, ili kumchangamsha. Wanazuoni wametoa faida nyingi katika tukio hilo fupi. Sisi tunaongeza ya wodini: kwamba aliye katika huzuni anaweza kuchangamshwa kwa upole bila huzuni yake kudharauliwa.

Na kwa wale wanaosema habari za haja hazifai kuzungumzwa na watu wa dini, tukumbuke kwamba Salman al-Farisi (R.A.) alipokejeliwa na washirikina kwamba Mtume wao anawafundisha kila kitu hata adabu za chooni, hakuona aibu. Alikubali, akazieleza. Dini isiyoona aibu kufundisha hilo haiwezi kuona aibu familia inaposhukuru kwa kulipata.

Mipaka yake

Hata hivyo kicheko kina adabu, na wodini adabu hiyo huwa nyembamba kama uzi.

Mama yule wa kitanda cha jirani, aliyeliita tundu waridi, mwanawe alifariki siku ya saba ya kulazwa kwao. Alifunga khanga zake na kuondoka mikono mitupu. Siku hiyo hakuna aliyecheka katika wodi ile, na hivyo ndivyo ilivyopasa. Mama tunayemzungumzia alikwenda kukaa naye sakafuni, akalia pamoja naye, wala hakutafuta neno la kumchangamsha. Anayejua kucheka na mwenzake ni lazima ajue pia wakati wa kunyamaza naye.

Tunaona mipaka minne inafaa kuzingatiwa. Wa kwanza, mwenye msiba ndiye anayeanza. Mgeni hufuata, hatangulii. Babu alimtania mjukuu wake, bibi alizungumza katika uchungu wake mwenyewe, mama wa jirani alikuwa na mtoto mgonjwa kama wao. Mgeni wa dakika kumi hana haki hiyo. Wa pili, mzaha usiwe wa uongo, kwani Mtume (S.A.W.) ametoa onyo kali kwa anayesema uongo ili kuchekesha watu. Wa tatu, usiwe wa kumdharau mtoto, umbile lake wala wazazi wake. Surat Al-Hujurat aya ya 11 imekataza watu kudharauliana na kuitana kwa majina mabaya. Kuna tofauti kubwa kati ya waridi alilolipa jina mama na jina la kejeli ambalo watoto wa mtaani wanaweza kumpachika mwenzao. Wa nne, sauti. Kitanda cha pili kina mtu wake.

Na asiyeweza kucheka asilazimishwe. Nabii Yaaqub (A.S.) alilia mpaka macho yake yakawa meupe kwa huzuni, naye ni Nabii. Machozi ya mama hayapunguzi imani yake, na kicheko chake vilevile.

Kwa wanaokwenda kujulia hali

Kumtembelea mgonjwa ni haki ya Muislamu kwa Muislamu mwenzake, nasi tunawashukuru ndugu wanaojitolea. Lakini wodi ya watoto wachanga si ukumbi wa shughuli. Tunawe mikono kabla ya kuingia, tusimbusu mtoto, tusikae muda mrefu. Tusimsimulie mama habari za watoto waliokufa kwa ugonjwa kama huo; hizo si mawaidha. Tumpelekee chakula, maji, vitambaa laini vya khanga kuukuu na nauli ya baba anayelala kwenye benchi nje. Tukikuta wanacheka, tuseme masha Allah, tukae kimya na tabasamu letu. Kutabasamu mbele ya ndugu yako ni sadaka, na sadaka hiyo haihitaji mchango wa kamati.

Na wazazi nao, kicheko kisiwasahaulishe uangalizi. Mtoto mchanga akipitisha saa 24 bila kupata haja, au akitapika majimaji ya kijani, au tumbo likivimba, au akipata homa au kukataa kunyonya, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, bila kungoja ushauri wa majirani na bila kuona haya kutaja kinachomsibu. Tumewahi kusikia familia zilizoficha tatizo la njia ya haja kwa aibu, siku zikapita na mtoto akazidi kudhoofika. Aibu ya namna hiyo inaua. Ikiwa tafsida ya "mgeni" itamsaidia mzee kuuliza, basi na iulizwe.

Mtoto wetu huyo sasa amefanyiwa upasuaji wa pili, na anasubiri ule wa mwisho wa kufunga tundu. Akika yake ilifanyika nyumbani baada ya kuruhusiwa, safari hii mbuzi akiwepo, na nywele zikanyolewa kichwa kizima. Mama yake amerudi kwenye darsa. Mwalimu anasema anacheka kama zamani.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awaponye watoto wote waliolazwa, awape subira na nguvu wazazi wanaokesha kando yao, awarehemu waliotangulia na awafanye kuwa kitangulizi cha kheri kwa wazazi wao, na awalipe wema madaktari na wauguzi. Wabillahi tawfiq.